Kabla hujafungua kopo la epoksi: namna ya kuandaa sakafu ya zege isije ikabanduka

Watu wengi wakiona rangi ya sakafu imebanduka kitu cha kwanza ni kulaumu rangi, "hii feki hii", na kweli feki zipo, ila mimi nafanya hizi kazi za sakafu hapa Dar na nikiitwa kuangalia sakafu iliyobanduka kabla sijasema chochote naokota kipande kimoja nakigeuza. Upande wa chini mara nyingi utakuta unga wa kijivu umeng'ang'ania kwenye rangi, ukiukwangua kwa kucha unatoka kama chaki. Maana yake rangi ilishika vizuri kabisa, tatizo ni kile ilichokishika. Imeshika niru, ule utando wa saruji unaopigwa juu ili sakafu iwe laini, na niru ndo imeachia zege.

Hili nilijifunza kwa machungu. Kazi yangu ya kwanza ya epoksi, hii rangi ngumu ya sakafu ya kuchanganya vitu viwili ikaganda, ilikua gereji moja upande wa Temeke, tukapiga deki kwa sabuni ya unga, tukaacha ikauke usiku mmoja, asubuhi tukapaka kijivu ikang'aa mpaka wapita njia wanasimama kuangalia. Haikumaliza miezi miwili mwenye gereji akanipigia, "Fundi njoo uone." Pale magari yanapopaki, rangi ilikua imetoka na matairi, mabaka manne manne kwa kila gari, na pale wanapomwagia oili imevimba kama lengelenge la moto. Nikairudia yote kwa hela yangu, siku tatu za skrepa na msasa magotini. Tangu siku hiyo muda mwingi wa kazi yangu unaenda kwenye kuandaa, kupaka kwenyewe ni sehemu ndogo tu, na mteja akiniharakisha kwenye maandalizi bora niiache hiyo kazi.

Kwahiyo naandika hapa ninavyofanya, hatua kwa hatua, kwa sakafu ya gereji, duka, stoo au hata sebule.

Kwanza ijue sakafu uliyonayo

Usianze na maji wala sabuni, anza kwa kuangalia. Chukua kikombe cha maji na udondoshe matone sehemu kumi tofauti, katikati, kwenye kona, mlangoni, pale gari linapokaa. Kama tone linanyonywa na sakafu inageuka nyeusi ndani ya dakika moja hivi, hapo zege liko wazi na rangi itapata pa kuingia. Kama tone linakaa juu limejiviringa kama maji juu ya jani la mgomba, kuna kitu kimeziba, yaani mafuta, nta, rangi ya zamani au niru iliyosuguliwa ikawa kama kioo. Weka alama ya chaki hapo.

Halafu chukua msumari ukwaruze. Ukiona unaacha mfereji na unga unatoka, ngozi ya juu ni dhaifu. Hili linatokea sana kwetu kwa sababu mafundi tumezoea kumwaga jamvi, yaani lile zege la chini, kupiga plasta, halafu kunyunyiza saruji kavu au kupiga niru juu ili sakafu ilale vizuri, na mwenye nyumba anapenda ikiwa laini. Kwa kutembelea peku ni nzuri, ila kwa epoksi ni adui. Hata zege lisilo na niru, kama lilimwagwa na maji mengi, yale maji yanapopanda juu yanapanda na unga laini wa saruji na vumbi la mchanga, unakauka juu unakua utando mwembamba usio na nguvu. Huo lazima utoke.

Baada ya hapo tembea na nyundo ndogo au kipande cha nondo ukigonga kila hatua. Zege zima linalia kavu, kwa mkato. Pakilia kama debe tupu, plasta ya chini imeachana na jamvi, na hapo usijidanganye, pavunje, pasafishe, pajazwe upya. Ukipaka rangi juu ya plasta inayoelea itakuja kuvunjika yenyewe na rangi juu yake.

Kama sakafu ni mpya isubiri siku 28 toka ilipomwagwa. Najua mteja anataka kufungua duka tarehe moja, mwambie tu ukweli, zege bado linatoa maji.

Unyevu, hapa ndo wengi wanaporuka

Kata nailoni nzito, ile ya kuweka chini ya jamvi inafaa sana, vipande vya kama nusu mita kwa nusu mita, vibandike sakafuni kwa selotepu pana ile ya kufungia maboksi, pande zote nne bila kuacha upenyo hata kidogo, uviache mpaka kesho yake muda uleule. Weka vitatu au vinne, kimoja karibu na ukuta wa bafu kama lipo, kimoja sehemu ya chini kabisa ya sakafu. Kesho ukifunua ukakuta matone ya maji chini ya nailoni au zege limekua jeusi kuliko pembeni yake, maji yanapanda kutoka ardhini.

Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni chini ya jamvi, na zile za mabondeni kama Jangwani na kingo za Msimbazi ndo usiseme. Dalili nyingine ni chumvi, ule ungaunga mweupe unaochipua sakafuni au chini ya kuta, ukiufagia leo wiki ijayo umerudi. Chumvi hiyo inabebwa na maji yanayopanda, maji yanakauka hewani yenyewe inabaki. Sasa ukiifunika sakafu kama hiyo kwa epoksi ambayo haipitishi hewa, maji hayaachi kupanda, yanajikusanya chini ya rangi yanaisukuma, ndo yale malengelenge.

Ukikuta hali hiyo una njia chache tu. Kama ilikua ni maji ya mvua yanaingia mlangoni au bomba linavuja ukutani, tengeneza hicho kwanza, kausha, pima tena. Kama yanatoka ardhini, kuna praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, maalumu za epoksi za kuzuia unyevu, ni ghali na zinataka sakafu isagwe vizuri zaidi. La sivyo mshauri mwenye nyumba aachane na epoksi, aweke kitu kinachoruhusu sakafu kupumua. Mimi nimeshakataa kazi kwa sababu ya nailoni tu na sijawahi kujuta.

Na kama una uchaguzi wa mwezi, epuka masika, Machi mpaka Mei, Dar hii kila kitu kinatoka jasho.

Mafuta

Mafuta yanatolewa kabla ya kusaga na kabla ya asidi. Ukisaga kwanza diski inayatawanya na kuyashindilia kwenye vitundu, ukimwaga asidi juu ya mafuta haifanyi kazi yoyote, inateleza.

Oili mbichi iliyomwagika juzi, mwagia pumba za mbao zile za seremala au saruji kavu, zikanyage kanyage, ziache usiku mzima zinyonye, fagia. Oili ya miaka, ile nyeusi iliyoganda kama lami, ikwangue kwa skrepa kwanza mpaka uone zege. Halafu maji ya moto na sabuni kali ya kutolea grisi, hizi wanazotumia wa kuosha injini zipo maduka mengi ya spea, au kostiki soda ukiwa na glovu na miwani maana ile inakula ngozi kweli. Mwaga, acha dakika kumi na tano hivi bila kukauka, sugua na brashi ngumu ya mpini mrefu, sugua mpaka povu libadilike rangi liwe kama chai ya maziwa, vuta maji machafu yote na mpira wa kukaushia uyatoe nje, usiyaache yakakaukia hapohapo maana mafuta yatarudi kukaa. Kisha suuza kwa maji mengi. Kama jirani yako ana sehemu ya kuoshea magari muombe au kodi ile mashine ya presha kwa siku moja, inaokoa mgongo.

Tafadhali usitumie mafuta ya taa wala petroli. Watu wanafanya sana hili kwa sababu kitambaa kinatoka cheusi unaona kama kazi inaenda, kumbe yanayeyusha ile grisi yanaishusha chini zaidi ndani ya zege, na baadae inapanda tena chini ya rangi yako. Mbali na hapo ni moto huo unaucheza ndani ya chumba kimoja na swichi za umeme.

Ikikauka rudia yale matone ya maji. Bado yanajiviringa? Rudia kuosha. Kuna doa niliwahi kuliosha mara nne. Na kuna zege ambalo limekunywa oili miaka ishirini, hilo haliponi, unakata kile kipande unamwaga kipya. Kwa sakafu za nyumbani za rangi nyekundu zilizopakwa nta kila Jumamosi ni vilevile, nta ni mafuta, inatoka kwa sabuni ya grisi na maji ya moto, na uvumilivu.

Kuitoa ngozi ya juu: grainda au asidi

Kama unaweza, saga. Grainda ya mkono ya inchi 5 au 7 ukifunga ile diski ya kikombe yenye meno ya almasi inaondoa niru, rangi ya zamani na utando wote kwa mkupuo mmoja, na kwa sakafu kubwa kuna mashine za kusimama za kukodi. Usikae sehemu moja, itachimba bakuli, zungusha mkono taratibu kama unapiga pasi, mstari upandane na uliopita. Unajua umefika pale rangi ya sakafu inapobadilika, ule weupe laini unaondoka unaanza kuona punje za mchanga. Pitisha kiganja, unataka ukwaruzo kama wa msasa namba 80 hadi 100. Ukiisikia bado inateleza endelea, ukianza kuona kokoto umezidisha.

Hapa nasema kwa msisitizo kama nambembeleza mdogo wangu: vumbi la zege lina silika, linaingia kwenye mapafu halitoki, ugonjwa wake hauna dawa. Kitambaa cha kujifunga puani hakisaidii, tafuta barakoa ya N95 kushuka chini usikubali, vaa miwani, ziba masikio, na kama grainda ina kofia ya kunyonyea vumbi ifunge na mashine ya kunyonya. Vijana wetu wanasaga siku nzima wamefunga shati mdomoni na bosi anaangalia, hii kwa kweli inaniuma.

Asidi ni kwa sakafu isiyo na rangi wala nta, na pasipo na mashine. Inayotumika ni haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae na vyoo, sio maji ya betri. Ya betri ni salfyuriki, inaacha chumvi zake ndani ya zege na kulidhoofisha. Toa magari, vyuma na tuluzi zote nje kwanza kwa sababu moshi wake tu unashikisha kutu spana zako zote kwa siku moja. Fungua milango na madirisha. Gambuti, glovu ndefu za mpira, miwani inayofunika pembeni, watoto na kuku mbali.

Weka maji kwenye ndoo ya plastiki, sehemu tatu au nne, NDIPO umimine asidi sehemu moja taratibu. Maji kwanza asidi baadae, siku zote, ukigeuza inaweza kuchemka ikakurukia usoni. Na usithubutu kuchanganya na jiki wala kumwaga mahali palipooshwa na jiki muda si mrefu, inatoka gesi ya klorini inayoua. Lowesha sakafu kwa maji bila kuacha madimbwi, halafu mwaga mchanganyiko kwa keni ya plastiki ya kumwagilia, ukianzia ukuta wa mbali unarudi kuelekea mlangoni, sambaza na brashi.

Sasa inama uangalie, sikiliza. Zege zima likipata asidi linatoa povu, mapovu madogo madogo na mlio wa chwaaa kama umefungua soda. Pale pasipochemka, ukaona maji yamelala tu kimya, hapo pana mafuta au nta bado, na huo ndo uzuri wa asidi, inakuonyesha kosa lako kabla rangi haijakuonyesha. Piga chaki ukutani usawa wa hapo au kariri, utarudi na sabuni.

Baada ya dakika tano mpaka kumi povu linakufa. Usiache ikauke. Suuza, kisha changanya baikabonati, ile soda ya kuokea, kikombe kimoja kwa kila lita 4 za maji, mwaga sakafu nzima kuua asidi iliyobaki, ikichemka kidogo ni kwamba ilikuwepo. Halafu maji safi tena, mara mbili au tatu, huku unasugua na kuvuta ule uji mweupe nje. Uji huo ndo niru na utando uliokua unautafuta, ukiuacha ukakaukia unarudi kua vumbi lilelile. Na maji hayo usiyaelekeze kwenye bustani ya watu kabla hujaweka soda. Ikikauka pitisha kiganja, kama bado laini piga asidi mara ya pili, sakafu ya niru ngumu mara moja huwa haitoshi, na hapo ndo utaelewa kwa nini nilisema kama unaweza saga.

Nyufa na mashimo

Ufa mwembamba usiupake juu juu. Upanue kidogo na grainda uwe na umbo la V, toa vumbi lote, jaza kwa filla ya epoksi, iache igande, saga iwe sawa na sakafu. Mashimo hivyohivyo, ukichanganya epoksi na mchanga mkavu uliochekechwa unapata kiraka kigumu kuliko zege lenyewe. Usijaze na saruji na maji tu, ile nyembamba inachomoka.

Ila ile mistari mirefu iliyonyooka, maungio yaliyoachwa makusudi ili zege lipate pa kutanuka, usiyajaze na kitu kigumu. Yaache, au jaza na silanti, ile ya kuzibia inayonyumbulika kama mpira, mwishoni. Na ufa unaozidi kupanuka kila mwaka ni habari ya msingi, mwite mtu wa ujenzi aangalie kwanza.

Vumbi na kukauka

Fagia, halafu nyonya na mashine, halafu nyonya tena ukielekea upande mwingine, kona na chini ya milango usisahau. Ufagio peke yake unahamisha vumbi tu. Kisha bandika selotepu sakafuni, ikandamize kwa kidole gumba, ibandue uiangalie kwenye mwanga, ikitoka nyeupe kwa unga bado hujamaliza. Mimi nataka itoke inang'aa kama ilivyoingia. Baada ya hapo hakuna viatu vya nje, weka turubai mlangoni.

Kama uliosha kwa maji au asidi ipe siku mbili tatu na mafeni yakiwaka, usiangalie juu pakavu ukadhani ndani pamekauka, rudia nailoni usiku mmoja. Nani anapenda kusubiri tena? Hakuna, lakini subiri.

Siku ya praima

Asubuhi na mapema huku pwani zege linakua la baridi kuliko hewa, unyevu unatua juu yake kama umande ambao huuoni kwa macho. Kanuni ni sakafu iwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha kutoka umande, yaani lile joto ambalo unyevu wa hewa unaanza kugeuka maji, vipimo vyake vinauzwa, ila kama huna ngoja jua lipande, gusa kwa mgongo wa mkono. Mimi napaka praima alasiri, na sababu yake ni hii: zege lina hewa kwenye vitundu vyake, asubuhi linapopata joto ile hewa inatanuka inatoka nje, inapita kwenye rangi mbichi inaacha vidoti vidogo kama umechoma na sindano. Alasiri joto linapoanza kushuka hewa inarudi ndani, inavuta na praima pamoja nayo.

Changanya kwa vipimo vya kwenye kopo, sio kwa macho, na changanya kidogo kidogo maana kwenye joto letu epoksi inaganda ndoo mkononi, ukiona ndoo inapata moto imeshakwenda hiyo usiiongezee thina. Imwage sakafuni uisambaze na rola mapema badala ya kuiacha imejaa ndoo.

Kesho yake angalia kwa kulaza tochi sakafuni. Sehemu zenye mng'ao sawa ziko tayari kwa rangi. Ukiona mabaka makavu yasiyong'aa zege limekunywa praima yote pale, pitisha ya pili hapo tu, iache ishike, ndo ufungue kopo la rangi.